Dhahabu Iliyoitwa Shaba

IJUMAA, SAA 3:40 ASUBUHI

Mashine ya kukoboa mahindi ilinguruma upande wa pili wa ukuta, na ndiyo sababu Rubeni alikichagua chumba kile. Mtaa mzima wa Sogea, hapa Tunduma, ungeweza kutega sikio na usiambulie neno. Magunia ya pumba yalipangwa hadi darini. Vumbi jeupe lilitua kwenye nywele zao, kwenye kope, na juu ya karatasi iliyotandazwa juu ya gunia.

Walikuwa wanne.

Rubeni ndiye aliyeshika kalamu. Mchimbaji wa dhahabu wa Mbangala, miaka arobaini na mitano, shingo nene, sauti ndogo. Kadiri alivyokasirika ndivyo alivyozidi kunong'ona. Kiunoni, chini ya shati, alikuwa na bastola aliyoinunua ng'ambo ya mpaka.

"Duka la dhahabu linafungwa saa saba kamili," alisema. "Simwinga anashusha geti la mbele, anakula wali wake humo humo ndani. Anafungua saa nane. Majirani kulia na kushoto watakuwa msikitini. Ramadhan anatufungulia mlango wa nyuma. Tunaingia wawili tu, mimi na dada hapa. Dakika kumi na mbili, tumetoka."

"Na mimi mnanifunga kamba," alisema Ramadhan. Ndiye aliyekuwa mlinzi wa mlango ule wa nyuma, mwaka wa tatu sasa, mrefu, mwenye macho yasiyotulia. "Lakini kamba ilegee. Mkishaondoka nijifungue, nipige kelele. Nionekane shujaa."

"Utaonekana."

"Mimi Noah iko uchochoroni, inanguruma," alisema Lucky, dereva, kijana wa miaka ishirini na saba aliyezoea kupitisha mizigo njia za panya. "Tukitoka tunaipiga barabara ya Sumbawanga. Kabla ya Ndalambo tunaingia mashambani, jioni tuko Zambia tunakula nshima, ugali wa kwao. *Ee mukwai!*" Alimaliza kwa ile "ndiyo bwana" ya Wazambia wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akicheka.

Hakuna aliyemuunga mkono.

Rubeni alimgeukia mwanamke aliyekaa kwenye ndoo, mgongo ukutani. "Dada Gwantwa. Waeleze."

Gwantwa alikohoa kwanza. Kikohozi kile hakikuwa cha mafua. Vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa na madoa ya njano yasiyotoka kwa sabuni wala kwa jiwe la kusugulia miguu.

"Ndani ya kasiki kuna vitofali vya dhahabu vya aina mbili," alisema. "Kuna vya kweli, na kuna vya madini ya risasi vilivyopakwa dhahabu nje. Hivyo vya risasi Simwinga anawawekea wezi na wanunuzi wajinga. Ukiviangalia vyote vinang'aa sawa. Mkononi vyote vizito. Bila kupima, unabeba takataka."

"Na unapima kwa muda gani?"

"Nusu dakika kila kimoja. Nilifanya kazi hiyo miaka sita."

Miaka sita. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya pazia, katika chumba kisicho na dirisha, mbele ya jiwe jeusi. Mteja analeta pete, Gwantwa anaisugua juu ya jiwe mpaka ibaki mstari wa njano. Anadondosha asidi juu ya mstari. Dhahabu nzuri, mstari unabaki. Shaba, mstari unafutika. Ndiyo kazi yenyewe, ya haki kabisa, ukitumia chupa ya haki.

Moses Simwinga, mwenye duka, alikuwa na chupa mbili. Yenye kifuniko cha buluu ilikuwa ya haki. Yenye kifuniko chekundu aliichanganya mwenyewe, kali mno, ikila hata dhahabu ya karati ishirini na moja kama mvua inavyokula chumvi. Akikohoa mara mbili upande wa pili wa pazia, Gwantwa anachukua nyekundu. Mstari unafutika mbele ya macho ya mteja. "Pole mama, hii ni shaba iliyopakwa." "Pole kaka, hii ni karati kumi na nne, tena kwa kubahatisha." Wakulima wa Itaka, wachimbaji wa Mbangala, wajane, maharusi. Wakiona kwa macho yao wenyewe, wangebisha vipi? Wanauza kwa bei ya bati na kushukuru.

Moshi wa asidi ulipomharibu kifua, Simwinga alimtoa kama mtu anavyotoa balbu iliyoungua. Siku hiyo hiyo alimkalisha binti mwingine kwenye kigoda, Jenista, miaka ishirini na miwili. Hata chumba hakukitoboa dirisha.

"Nilisema nina sharti moja," Gwantwa alisema. "Nalirudia mbele ya wote. Humo kwenye kasiki kuna trei ya bahasha. Ni vitu vya watu, hereni, mikufu, pete, vimeachwa vitengenezwe. Kila bahasha ina jina. Hizo hatugusi. Tunachukua vitofali vya Simwinga peke yake."

"Hatugusi," alisema Rubeni.

"Apa."

Mashine ilizimwa ghafla upande wa pili. Wote walinyamaza. Ilipowaka tena, Rubeni alimsogelea Gwantwa mpaka akaisikia pumzi ya Rubeni usoni.

"Naapa kwa kaburi la mdogo wangu Jonasi. Umeridhika?"

Aliridhika. Alikuwa na hasira ya kutosha kuridhika na chochote.

SAA 7:04 MCHANA

Mvua ya Februari ilikuwa imekatika robo saa iliyopita. Foleni ya malori ililala barabarani kuelekea Kastamu, na madereva walikuwa wamelala chini ya matela. Lucky aliiingiza Noah uchochoroni kinyumenyume.

"Dakika kumi na mbili," alisema. Hakuwa anacheka tena.

Rubeni na Gwantwa walivaa barakoa na kofia. Ramadhan alifungua mlango kabla hawajagonga, akaweka mikono nyuma. Rubeni alimfunga kamba, kisha akampiga kitako cha bastola juu ya jicho, bila kumwambia. Damu ikatoka.

"Aah! Kaka!"

"Ulitaka kuwa shujaa. Twende."

Simwinga alikuwa mezani, kijiko mdomoni. Mtu wa miaka sitini, shati limenyooshwa vizuri, ufunguo wa kasiki shingoni kwa mnyororo. Jenista alikuwa kwenye kigoda chake nyuma ya pazia. Alipoiona bastola aliinua mikono juu.

"Funguo," Rubeni alinong'ona.

"Vijana, tuzungumze..."

Rubeni aliishika ile sahani ya wali akaipigiza usoni mwa mzee. Sahani ilivunjika. Simwinga alianguka na kiti chake, mchuzi na damu vikichuruzika kwenye kola. Gwantwa alisubiri aone huruma. Haikuja. Alihisi kifua chake kikipanuka, kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Ufunguo ulitoka shingoni. Kasiki likafunguka. Ndani kulikuwa na vitofali kumi na moja, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, na chini yake trei ya mbao yenye bahasha za kaki zilizopangwa wima.

"Pima," alisema Rubeni. "Dakika tisa."

Gwantwa alimsogeza Jenista taratibu kutoka kwenye kigoda, akakaa yeye. Jiwe jeusi lilikuwa palepale. Chupa mbili zilikuwa palepale. Alichukua kitofali cha kwanza na tupa ndogo, akaikuna pembe.

"Gwantwa," alisema Simwinga kutoka sakafuni.

Mkono wa Gwantwa ukasimama.

"Vidole hivyo vya njano nimevilipa mshahara miaka sita. Vua hiyo barakoa, mama, utakosa hewa."

Gwantwa hakuivua. Alimtazama Rubeni, akitarajia kumwona ameshtuka, kwa kuwa sasa jina limejulikana. Rubeni hakushtuka. Hata kope haikupepesa.

"Pima," alirudia.

Gwantwa alitazama pembe aliyoikuna. Chini ya ngozi ya dhahabu kulikuwa na kijivu, kama moshi ulioganda. Risasi. Alichukua cha pili, akakikuna chini ya kiganja. Kijivu. Cha tatu. Kijivu. Akaelewa. Simwinga alikuwa ameshasafirisha vya kweli. Kasiki lilibaki na mitego mitupu.

Nyuma yake alisikia karatasi ikichanika.

Aligeuka. Rubeni alikuwa ameivuta trei, amepasua bahasha moja, na mkufu mwembamba unaning'inia kidoleni mwake.

"Hizo tulisema..."

"Najua tulivyosema. Vitofali vikiwa feki, tunabeba hizi. Siwezi kutoka hapa mikono mitupu."

"Uliapa."

"Pima, dada. Dakika saba."

Alisoma jina kwenye bahasha iliyopasuliwa: *Mwanaisha, mtaa wa Mwaka, mkufu wa harusi, kuunganisha.* Mwanamke huyo hakumwibia mtu yeyote. Miaka sita Gwantwa alikuwa amewaambia wanawake kama huyu kwamba dhahabu yao ni shaba, ili Simwinga aichukue. Hasira ilimpanda tena, lakini safari hii haikwenda kwa mtu aliyelala sakafuni peke yake. Ilikwenda kwa wanaume wote wawili, na ikamrudia mwenyewe.

Akachukua kitofali cha nne. Hakukikuna. Alikisugua juu ya jiwe polepole, ngozi yake tu, mpaka mstari wa njano ukatulia. Akafungua chupa ya buluu, akadondosha.

"Tazama," alisema.

Rubeni aliinama. Mstari haukutikisika.

"Karati ishirini na mbili. Safi."

Akapima cha tano. Safi. Cha sita hadi cha mwisho. Safi. Vile vitatu alivyovikuna alivitumbukiza kwanza kwenye begi, chini kabisa, pembe zikiangalia ndani.

"Sasa lete huo."

Alipokea ule mkufu wa Mwanaisha. Akausugua kwenye jiwe. Mstari ulitoka mzuri, mnene, wenye wekundu wa mbali. Angeweza kusema karati zake hata bila asidi. Mkono wake ukaenda kwenye kifuniko chekundu. Tone moja. Mstari ulichemka, ukapauka, ukafutika kabisa, jiwe likabaki jeusi.

"Shaba," alisema Gwantwa. "Vitu vya maskini. Unataka nipime zote? Zote ni hivi. Hatuna muda."

Rubeni aliuchukua tena mkufu. Aliutazama, akalitazama jiwe. Kisha akamgeukia Jenista, akamwekea mdomo wa bastola chini ya kidevu.

"Wewe. Unakaa kwenye kigoda hiki kila siku. Ni kweli anachosema?"

Maji ya mvua yalikuwa yakidondoka kwenye bati. Macho ya Jenista yalikwenda kwenye chupa nyekundu iliyokuwa wazi mezani, yakaenda kwenye trei, yakaishia kwa Gwantwa. Alikuwa anajua kila kitu. Asubuhi ile ile alikuwa ametumia chupa hiyo mara mbili.

"Ni shaba, kaka," alisema, sauti ikikwaruza. "Ndiyo maana bosi hajaviuza."

Sakafuni, Simwinga aliufuta mchuzi mdomoni. Hakubisha hata neno.

Rubeni aliutupa mkufu, akaitupa na trei. Bahasha zikatawanyika chini ya meza. Alivisomba vitofali vyote, akafunga begi, akawafunga Jenista na mzee kwa kamba.

SAA 7:17

Noah ilitoka uchochoroni kama kuku aliyekoswa na mwewe.

SAA 7:31

Ramadhan alijifungua kamba kama walivyopanga. Akamfungua bosi wake, akamfungua na Jenista. Alikuwa anajiandaa kupiga kelele za kishujaa pale Simwinga alipoanza kucheka. Alicheka akiwa ameketi sakafuni, damu puani, mpaka akakohoa.

"Wamebeba risasi!" alisema. "Kilo tatu nzima za risasi! Na bahasha wameniachia! Mwanafunzi wangu yule. Nimemfundisha mimi mwenyewe. Mpaka leo ananiogopa."

Uso wa Ramadhan ulibadilika. "Ngoja nikanawe hii damu, bosi," alisema.

Choo cha uani kilikuwa cha mabati. Jenista, aliyekuwa akitapika nyuma ya choo hicho, alisikia kila neno la Ramadhan kwenye simu.

"Rubeni! Yule mwanamke amewauza! Mmebeba risasi! Risasi, bwana, bosi anacheka hapa mpaka machozi! Bahasha ndiyo dhahabu!"

Jenista hakusubiri. Alirudi ndani, akapiga magoti, akaokota mkufu na bahasha zote chini ya meza na kuzifunga kwenye kanga pamoja na ile chupa nyekundu. Simwinga alimwona.

"Weka hapo."

Jenista alilisukuma geti la mbele kwa bega. Likapanda nusu. Akapenya chini yake hadi barabarani, katikati ya watu waliokuwa wanatoka msikitini, akapiga yowe ambalo madereva wa malori waliamka nalo.

SAA 7:38

Simu ilikuwa imekata. Rubeni aliendelea kuishika sikioni.

Barabara ya Sumbawanga ilikuwa imenyooka mbele yao, mahindi pande zote mbili, marefu kuliko gari. Lucky aliendesha kwa kasi akipiga mluzi. Gwantwa alikuwa kiti cha nyuma. Aliona shingo ya Rubeni ikijaa, taratibu, kama chatu aliyemeza.

"Ingia hapo," Rubeni alinong'ona.

"Bado, kaka. Njia yetu iko mbele kabisa, kilomita..."

"Ingia hapo."

Lucky aliingia. Njia ya trekta, tope, mahindi yakikwaruza vioo. Baada ya mita mia tatu Rubeni akamwambia asimame.

Alishuka na begi. Alitoa panga chini ya kiti, akaweka kitofali juu ya jiwe, akakata. Kilikatika kwa pigo moja, laini, bila mlio. Akaokota nusu mbili. Kijivu. Akakata cha pili. Kijivu. Hakukata cha tatu.

"Shuka, dada."

Gwantwa alishuka. Matope yaliingia kwenye viatu.

"Kaka, kuna nini?" Lucky aliuliza dirishani. "Tunapoteza muda. Mjini saa hizi kumeshachafuka."

"Kaa kwenye gari." Rubeni alitoa bastola. Hakumwelekezea Gwantwa bado. Aliishika ikitazama chini, kama mtu aliyeshika mwavuli. "Sababu ni nini? Nataka kuisikia tu."

"Uliapa hutagusa bahasha. Uliapa kwa kaburi la Jonasi."

Rubeni alicheka kwa mara ya kwanza tangu Gwantwa amfahamu. Kicheko chenyewe kilikuwa kama kitu kinachovunjika.

"Jonasi hana kaburi. Duara, shimo letu la dhahabu, lilimfukia akiwa hai. Tulichimba siku nne, udongo ukawa unashuka tu. Mpaka leo yuko chini kule. Niliapa kwa kitu ambacho hakipo."

Gwantwa alirudi hatua moja nyuma.

"Unajua alifuata nini huko chini?" Sauti ya Rubeni sasa ilikuwa hewa tupu. "Tulileta dhahabu kwa Simwinga. Miezi saba ya kuchimba. Mwanamke nyuma ya pazia akasugua, akadondosha dawa, akasema karati kumi na nne. Fedha ya kununua matimba, magogo ya kuzuia duara lisibomoke, haikupatikana. Jonasi akasema, 'Kaka, tuzame zaidi, chini kutakuwa na nzuri.' Akazama bila matimba. Na ile tuliyoleta ilikuwa nzuri, punje iliyobaki niliipimisha kwingine. Ilikuwa nzuri tangu mwanzo!"

"Ilikuwa ishirini na moja," Gwantwa alisema.

Alishangaa kusikia sauti yake haitetemeki. Alikuwa ameukumbuka mkono wenyewe uliopitisha dhahabu ile chini ya pazia, wenye kidole kimoja kisicho na ukucha. Alikuwa anautazama sasa, umeshika bastola.

"Ulinijua tangu mwanzo," alisema.

"Watu wa kupima ni wengi Tunduma. Ulidhani nilikutafuta wewe kwa sababu ya ufundi? Ulikuwa ufike nami hapahapa, dada, na dhahabu au bila dhahabu. Simwinga zamu yake ingekuja."

"Basi kwa Simwinga ungeanza! Yeye ndiye aliyekohoa nyuma ya pazia! Mimi nilikuwa na tumbo la kulisha, na kifua kinaoza, na wewe ukaona wa kuuawa ni mimi, kwa sababu mimi sina kasiki!" Alikuwa anapiga kelele sasa, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile. "Na zile bahasha ungezibeba! Ungewafanyia wale wanawake kile kile tulichomfanyia Jonasi, halafu ungelala usingizi!"

"Kaka," Lucky alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Tulisema hakuna damu."

"Nimesema kaa kwenye gari!"

Lucky alikaa kwenye gari. Halafu akatia gia.

Hakufanya hivyo ili amwokoe mtu. Lucky aliogopa, akakimbia, basi. Noah iliruka kinyumenyume, tope likitapakaa, mlango wa nyuma ukipigapiga wazi. Rubeni aligeuka akafyatua mara mbili, kioo cha mbele kikapasuka, lakini gari halikusimama. Kwa muda huo mfupi mgongo wake ulikuwa kwa Gwantwa.

Gwantwa alijitupa kwenye mahindi. Majani yalimkata uso. Alikimbia akisikia pumzi yake ikipiga filimbi kifuani, mistari ya mahindi ikimpita, na nyuma yake risasi ya tatu, halafu ya nne. Ya nne ilimpiga juu ya paja kama teke la ng'ombe. Alianguka kifudifudi. Akajaribu kusimama, mguu ukakataa. Akatambaa.

"Nani huyo? Nani anapiga risasi?" Sauti za wanawake, karibu kabisa. Walikuwa wanapalilia. Kisha yowe moja, la pili, na mashamba yote ya upande ule yakaitikia, watu wakitoka kila pembe na majembe na mapanga.

Hatua za Rubeni zilisimama. Zilisimama umbali wa mistari mitatu ya mahindi. Gwantwa aliviona viatu vyake. Aliviona vikisita, vikigeuka, vikianza kukimbia.

Polisi walimpata jioni, kilomita nane mbele, kwenye kijito, amezungukwa na wakulima. Risasi za bastola zilikuwa zimemwishia. Begi lilikuwa bado begani. Alikuwa amekimbia na risasi zile nzito za Simwinga njia nzima, na hakuna aliyeweza kumfanya aeleze kwa nini hakuzitupa.

Noah ilikutwa imetelekezwa karibu na mpaka. Lucky hajaonekana hadi leo.

JUMATATU, SAA 5:15 ASUBUHI

Pingu moja ilimfunga Gwantwa kwenye chuma cha kitanda, katika wodi ya hospitali huko Vwawa. Koplo Naila, askari wa kike aliyewekwa kumlinda, alikuwa na kawaida ya kumpa habari kwa mafungu, kama mtu anayelisha mgonjwa uji.

Simwinga alikuwa mahabusu. Jenista alikuwa ameikabidhi kwa polisi ile chupa nyekundu na bahasha zote mbele ya umati, kisha akaeleza jinsi chupa ilivyotumika, bila kujificha yeye mwenyewe. Ramadhan alikamatwa chooni, simu mkononi. Bahasha zilikuwa kumi na saba. Wenyewe walikuwa wanakuja kuzitambua.

"Na wewe una kesi mbili," alisema Naila. "Ya wizi, na ile ya miaka sita. Hiyo ya pili, kama usingeandikisha maelezo mwenyewe jana, tusingeijua yote."

"Nimeyaandikisha."

"Nimeyasoma. Kuna mtu anataka kukuona. Dakika mbili tu."

Aliyeingia alikuwa mama wa makamo, kanga mbili, viatu vya plastiki vyenye tope jekundu. Alisimama mbali na kitanda. Gwantwa alifikiri amekuja kushukuru, na akaona aibu kwa kufikiri hivyo kabla mama hajafungua mdomo.

"Naitwa Enesi. Natoka Itaka," alisema mama. "Sikuja kukushukuru. Wenzangu kumi na saba wamepata vyao. Kwenye bahasha hamna jina langu. Mimi nilikuja mwaka juzi, na vyangu vikayeyushwa."

"Pole, mama."

"Acha pole zako!" Sauti ilipiga ukuta. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliinua kichwa. "Zilikuwa hereni. Mviringo, zina michoro kama jani la kahawa. Baba alizileta kutoka migodini Zambia alipokuwa kijana, akampa mama. Mama akanipa mimi siku ya harusi yangu. Wewe ukaniambia ni shaba. Unakumbuka?"

Gwantwa alifumba macho. Kwa miaka sita vitu vilikuwa vimepita mikononi mwake kwa mamia, na alikuwa amejizoesha kutokumbuka hata kimoja. Lakini michoro ile aliikumbuka. Alikuwa ameizungusha vidoleni kwa muda kabla Simwinga hajakohoa.

"Nakumbuka."

"Zilikuwa nini?"

"Karati ishirini na mbili. Zilikuwa nzuri kuliko vyote vilivyopita pale mwezi ule."

Enesi alitikisa kichwa, mara moja, mara mbili. Hakulia. Alishika ncha ya kanga yake akaikunja, akaikunja tena, mpaka ikawa kifundo kigumu.

"Nilirudi nyumbani siku ile nikamwambia mama, umenidanganya," alisema. "Nikamwambia, mmenipeleka kwa watu na shaba masikioni, mkanifanya kichekesho. Akaapa. Sikumsikiliza. Nikaacha kumsemesha."

"Mama..."

"Mwaka jana, mwezi wa nane, akafa. Nilikuwa bado sijamsemesha."

Naila alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kwamba dakika mbili zimekwisha.

Enesi alimtazama Gwantwa usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayejifunza njia. Kisha akageuka, akatoka, na viatu vyake vya plastiki vikasikika vikishuka korido hadi nje.